Yah: Mjukuu Wangu Kutajwa Kuwa Hana Tatizo

Kombo Pazi,
Kiegeani,
Mafia.

Kwa Mratibu,
Kikosi cha Kupima Ukuaji na Ujifunzaji wa Watoto,
Kilindoni.

Ndugu Mratibu, Bi Tumaini,

Mimi ni yule mzee wa kofia ya viua aliyekusomea risala siku mlipofika shuleni kwetu na masanduku yenu ya vipimo. Uliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, kisha nikasoma. Kama sura yangu umeisahau, risala hutaisahau, maana ilikuwa na kurasa saba na wewe ulikuwa umesimama juani.

Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna kiongozi aliyekanyaga kijiji hiki akaondoka bila kusomewa risala yangu. Naiandika mwenyewe na kuisoma mwenyewe, na kabla ya siku yenyewe naisoma kwa sauti barazani mara tatu au nne, ili masikio ya nyumba nzima yanisaidie kusikia palipopinda. Hata barua hii imepitia njia hiyohiyo. Mke wangu, Bi Kidawa, ameondoa maneno mawili makali. Haya yaliyobaki ndiyo mapole.

Naanza kwa pongezi, kama taratibu zinavyotaka. Kazi mliyoifanya ni kubwa na mliieleza ikaeleweka. Mlisema Kundi A ni watoto waliochelewa kusema au kutembea. Kundi B ni wale ambao herufi zinawapiga chenga ingawa akili zao ni timamu. Kundi C, hesabu ndizo zinazowasumbua. Kundi D hawatulii wakasikiliza jambo hadi mwisho. Halafu lipo Kundi E, ambalo kwenye karatasi yenu limeandikwa maneno mawili tu: hana tatizo.

Mjukuu wangu Munira, miaka tisa, darasa la tatu, ambaye tunaishi naye kwa kuwa mama yake anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya wageni kule Ghuba ya Chole, mmemtia Kundi E. Kwa heshima na taadhima nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mmetutenga na majirani. Mtaa wetu una nyumba sita, na tano kati ya hizo zina mtoto mwenye kundi. Jirani yangu Warda, mtoto wake amepewa A. Huyu Warda kwa miaka minne alikuwa akimwingiza mwanawe chumbani kila mgeni akibisha hodi, kwa sababu mtoto hasemi na watu wana midomo. Siku hizi anampakata barazani mchana kweupe, na kadi yenu ameifunga kwenye ncha ya kanga. Kila apitaye anaambiwa, “Wangu kachelewa tu, si bubu, wataalamu washasema.” Nimemsikia mara kumi na moja. Kila mara namfurahia kutoka moyoni, halafu naingia ndani kununa.

2. Mmemnyima mtoto haki zake. Wenye makundi siku hizi wanakaa mbele. Wanasomewa maswali kwa sauti na kuongezewa muda. Wamepewa herufi za mbao za kushika mkononi, na kuanzia Jumatatu ijayo watakuwa na darasa lao dogo na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Sizionei wivu herufi za mbao, ingawa ni nzuri sana, na herufi M nimewahi kuishika mwenyewe kwa muda ambao Mwalimu Abeid aliona umezidi.

Ninachokionea wivu ni kimoja. Wale watoto hakuna tena mtu wa kuwaita wavivu.

Munira hajui kusoma, Ndugu Mratibu. Kabla hamjaja, Mwalimu Abeid, ambaye ndiye mwalimu wao wa darasa na ni kijana mwema asiyepiga mtoto, alikuwa akisema, “Huyu sijui ana nini.” Hayo yalikuwa maneno ya heshima, yaliacha mlango wazi. Mlipoondoka akaisoma orodha yenu mara mbili, akakuna kichwa, akasema, “Kumbe hana kitu. Basi ni mvivu.” Na kumlaumu siwezi. Mtoto hasomi, na wataalamu wameandika hana tatizo, mwalimu afikiri nini? Kwa hiyo uvivu wa Munira umetoka ofisini kwako, na una muhuri.

3. Ushahidi mliouacha nyuma. Neno “kuku” Munira analisoma leo. Kesho neno linamwangalia naye analiangalia, na hawajuani. Herufi b na d kwake ni mtu mmoja aliyegeuka upande. Mwezi uliopita alitumwa dukani kununua hamira akaleta rangi ya keki, kwa kuwa pakiti zilifanana, na Bi Kidawa, ambaye macho yake nayo si ya kutegemea tena, akaikandia. Tulikula maandazi bapa na mekundu kwa siku mbili. Tulishukuru, riziki ni riziki, lakini naomba iingie kwenye kumbukumbu.

Sasa mchukue mtoto huyohuyo, umwambie jambo kwa mdomo mara moja tu. Juzuu Amma anayo kifuani yote. Akirudi harusini anakutajia waliokuja, waliotuma udhuru na aliyekula mara mbili. Kwenye mwani, kamba ya bibi yake anaifunga mbegu mwanzo hadi mwisho wakati mimi bado natafuta pa kukaa. Na ile risala niliyokusomea wewe, ya kurasa saba, jioni yake aliirudia jikoni yote, neno kwa neno, akanyanyua kidole nilipokinyanyua na kukohoa nilipokohoa. (Mimi hukohoa kabla ya kila ombi. Si ugonjwa, ni mazoea.) Kichwa cha namna hiyo kinaitwaje kivivu?

Utaniuliza, basi mbona siku ya kipimo alishika karatasi akasoma hadithi ya “Kuku wa Bibi”, mistari kumi na miwili, bila kosa hata moja, mpaka nyote mkampigia makofi? Hilo ni swali zuri. Namna alivyofanikiwa siku ile ni habari ndefu na nafasi ni finyu. Naendelea na namba nne.

4. Kipimo chenyewe kinafanya kazi, hilo nimelithibitisha. Ili nisionekane mtu wa kulalamika bila utafiti, nilimwomba Mwalimu Abeid fomu moja tupu. Kupima watoto wa watu si haki yangu, kwa hiyo nilianza na bomba la maji la kijiji. Nanakili majibu kama nilivyoyajaza.

Umri: miaka sita. Alizaliwa salama? Ndiyo, mbele ya mgeni rasmi, risala nilisoma mimi. Alitoa sauti alipozaliwa? Ndiyo, na maji kidogo. Ametoa sauti tena tangu hapo? Hapana. Anaitika akiitwa? Tunamwita kila wiki, na kina mama wanamwita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Anapenda kucheza na wenzake? Hana wenzake, yale matatu mengine hayakujengwa. Matokeo: Kundi A, amechelewa katika ukuaji, afuatiliwe kwa karibu.

Nikatiwa moyo. Nikaipima kamati ya kijiji ikiwa kikaoni. Walifungua ajenda ya kwanza vizuri kabisa, akapita mtu na pweza wawili kwenye kamba, na ajenda ikawa pweza mpaka tulipofunga kwa dua. Kundi D, bila ubishi. Mwenyekiti wetu Mudrik nilimpima peke yake kwa kuwa alitangaza mkutano wa nusu saa na tukatoka baada ya saa tatu. Kundi C. Nilipomweleza alitaka kujua kama na yeye ataongezewa muda, nikamwambia huo anao tayari.

Mwishowe nikajipima mwenyewe. Mwanangu aliniachia simu ya kupangusa mwaka juzi, na mpaka leo nikitaka kujua saa nampigia mtu. Wiki hii nimempigia mkwe wangu mara nne, naye amekuwa muungwana, ananitajia saa na kukata. Nimejipa B na D kwa pamoja, na nimejisikia nafuu kubwa, maana kwa miaka miwili nilidhani nimezeeka.

Unaona nilipofika. Bomba lina kundi, kamati ina kundi, mwenyekiti analo, mimi ninayo mawili. Katika Kiegeani nzima amebaki mtu mmoja asiye na tatizo lolote, naye ndiye huyu anayelia akiona kitabu.

5. Hapa, Ndugu Mratibu, naomba radhi mapema. Siku ile baada ya chakula Bi Kidawa alikuketisha mkekani akufundishe kusuka ukili wa mkeka. Alikuonyesha mara tatu, na mara tatu ile miaa ya kulia ukaipeleka kushoto. Ulicheka, tukacheka, dereva wako akacheka kupita kiasi. Fomu ilikuwa mfukoni mwangu na kalamu ninayo, lakini sikukuandika, kwa sababu wewe ni mgeni wetu na umekuja kwa wema.

Ila nilitazama alichofanya Bi Kidawa. Hakukwambia wewe mvivu. Hakusema mbona watoto wa hapa wanajua. Alihama alipokaa, akakaa nyuma yako, akakushika mikono yote miwili, akasuka kwa mikono yako polepole mpaka vidole vyako vikakamata njia. Uliondoka na kipande chako, kimepinda, lakini umekisuka wewe. Basi huo ndio msaada ninaoudai kwa Munira, wala hauna zaidi. Kuna mtu wa kukaa nyuma yake amshike mikono, na kwa mujibu wa karatasi yenu mtu huyo anaruhusiwa kuwashika wenye A hadi D tu.

Kwa utafiti wangu, basi, Kundi E halina mtu. Nashauri lifutwe katika nchi nzima, mkianzia hapa kwetu kwa majaribio. Nafasi itakayobaki kwenye fomu ipewe bomba.

6. Hatua nitakazochukua nisiposikilizwa. Mgeni rasmi ajaye, awe nani, atasomewa risala ya kurasa arobaini. Nimeshaanza dibaji. Turubai halitafungwa.

Lakini hapa niache mzaha kidogo, mwanangu, maana kuna jambo limetokea na linaniuma. Juzi baada ya swala ya alasiri Munira aliniletea kahawa barazani. Hakuondoka. Alisimama ameshika kile kisahani, akaniuliza, “Eti babu, mvivu huwa anapona?”

Nimesimama mbele ya wakuu wa kila ngazi na sijawahi kukosa la kusema. Siku ile nilikosa. Niliibugia kahawa yote ya moto ili mdomo uwe na sababu ya kunyamaza, na ulimi umeungua mpaka leo. Mtoto alingoja, halafu akachukua kikombe akaenda kukiosha. Tangu hapo hachezi na herufi mchangani kama alivyokuwa akifanya. Akikaa na wenzake wanaosoma, anasema kichwa kinamuuma. Nilimwambia mwalimu, nikamwambia mama yake kwa simu, nikaandika haya yote, na bado lile swali lake liko palepale.

Orodha ya darasa dogo inafungwa Ijumaa, darasa linaanza Jumatatu. Duru nyingine ya vipimo, ulisema mwenyewe, ni mwakani. Mwakani Munira atakuwa darasa la nne na mtihani wa taifa utamkuta hivihivi, na mtoto aliyekaa mwaka mzima na jina la uvivu huanza kulivaa. Sitaki alivae. Naona aibu kusema hivi kwenye barua ya kiofisi, lakini nampenda mtoto huyu kuliko risala zangu zote.

(Hapa nakohoa.)

Naomba Munira aondolewe Kundi E na atiwe Kundi B, kabla ya Ijumaa, kwa kosa lililofanywa na ofisi yako.

Barua hii inaletwa kwa mkono. Bi Kidawa atapanda bodaboda Alhamisi asubuhi kuja Kilindoni, akifuatana na mhusika mwenyewe, na wana amri ya kungoja hapo nje mpaka wapate jibu. Wamechukua chakula.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie dereva, mwambie pweza wapo ila safari hii na yeye atasuka ukili. Wasalimie vijana wenu wa masanduku. Warda anakusalimu, na kadi yake pia. Mwenyekiti Mudrik anakusalimu na atachelewa kidogo kukusalimu rasmi. Bi Kidawa anauliza ule ukili umefika wapi, na kama umekwama usione haya, uje nao.

Ni mimi niliyelalamika kwa adabu zote nilizonazo,

Kombo Pazi
Msoma Risala wa Kiegeani (cheo hiki hakijaandikwa popote, lakini kinajulikana)

Nyongeza:

Bi Kidawa ameshuka kwenye mwani na Munira amemfuata, kwa hiyo kipande hiki nakiandika bila kukisoma kwa sauti.

Nilisema habari ya “Kuku wa Bibi” ni ndefu. Si ndefu. Wiki moja kabla ya kufika kwetu mlipima watoto kijijini kwa dada yangu, Bi Mashavu. Mjukuu wake alirudi nyumbani na ile hadithi yote mdomoni, na dada akanipigia simu kwamba kuna wakubwa kutoka Kilindoni wanapita kuangalia nani anajua kusoma. Sasa mimi, Ndugu Mratibu, tangu nipate akili, mgeni akija shuleni tunamwandaa mtoto. Anafundishwa ngonjera, anaishika, anasimama mbele, anapigiwa makofi, mgeni anaandika kwenye kitabu cha wageni na kuondoka ameridhika. Nilijua ni yaleyale. Nilidhani hata zawadi itakuwepo.

Basi kwa alasiri mbili, hapahapa barazani, nilimfundisha Munira hadithi nzima kwa sikio. Nilimwonyesha na wapi ateremshe kidole kwenye karatasi. Utakumbuka kwamba mstari wa nane, bibi anapomwomba kuku atage, Munira alikohoa kidogo. Ulifurahi ukaandika kwenye fomu, “anasoma kwa hisia”. Ile hisia ilikuwa kikohozi changu.

Sikufanya kwa ubaya. Niliogopa watu waseme mjukuu wa msoma risala hajui herufi. Kundi E hukumpa wewe, nilimpa mimi, na ule muhuri wa uvivu nimeugonga kwa mkono wangu huu huu. Ofisi yako haina kosa lolote. Namba moja hadi sita naomba zifutwe, isipokuwa ile ya bomba.

Munira hajui kwamba ninakuambia. Nilimwambia siku ile iwe siri yetu, na mtoto akifundishwa siri na babu yake haivunji, hata ikimuumiza. Mwambie babu ameivunja mwenyewe. Mwambie pia lile swali lake babu hakuwa na jibu kwa sababu yeye Munira hajawahi kuwa mvivu.

Barua hii ameisikia mara nne nikiisoma. Mpe mkononi, umwambie akusomee. Ataisoma yote kuanzia anwani, atakohoa pale kwenye ombi, atatoa salamu kwa dereva, na atafika mpaka kwenye cheo changu bila kosa. Tafadhali usimpigie makofi. Mwambie aendelee na nyongeza.

Hapo atanyamaza. Hapo ndipo uanze kumpima.